Mafunzo ya mawimbi ya ubongo au tiba nyingine: uchague nini kwa kiwewe, nini kwa sonona

Watu wengi wanaoulizia mafunzo ya mawimbi ya ubongo wana sababu moja wasiyoitamka mapema: wamesikia kwamba huko hakuna kusimulia. Unakaa kitini, unabandikwa vihisio kichwani, unatazama skrini, na anayekuhudumia hakuulizi usiku ule ilikuwaje. Kwa mtu aliyebakwa, aliyetoka vitani, au aliyetolewa kwenye gari lililopinduka akawaacha wenzake ndani, ahadi hiyo ina uzito kuliko takwimu yoyote.

Naiheshimu sababu hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike ulinganisho huu. Kabla mtu hajalipia vikao ishirini au arobaini vya mashine, ana haki ya kujua ni tiba gani zenye ushahidi mzito zaidi kwa tatizo lake, na ni zipi nyingine ambazo pia hazimlazimishi kusimulia. Maana zipo, na wengi hawajawahi kuambiwa.

Mashine inafanya nini hasa

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana, na umeme huo unaweza kunaswa juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1929. Unapanda na kushuka kama mawimbi, na kila kundi la mawimbi lina jina kwa kasi yake. Delta, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, hutawala usingizi mzito. Theta, kati ya 4 na 8, huja mtu anaposinzia. Alfa, kati ya 8 na 12, hujitokeza mtu akiwa macho lakini ametulia, hasa akifumba macho. Beta, kuanzia 13 hadi 30 hivi, ni ya shughuli, na mara nyingi ya wasiwasi.

Kwenye mafunzo, ambayo wengine huyaita nyurofidibaki, kompyuta hupima wimbi lililochaguliwa papo kwa papo. Likielekea upande unaotakiwa, picha inang'aa au muziki unasikika vizuri. Likienda kombo, picha inafifia. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani, mashine inasoma tu na kukurudishia habari. Matumaini ni kwamba baada ya vikao vingi ubongo utazoea njia mpya na kuifuata hata bila skrini.

Wazo hili lina zaidi ya nusu karne. Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa kutambua alfa yake inapokuja. Huko Los Angeles, Barry Sterman alifundisha paka kuongeza mdundo wa mizunguko 12 hadi 15, kisha akaona kwamba paka wale walistahimili zaidi sumu ya mafuta ya roketi iliyowaangusha wenzao kwa degedege. Baadaye Eugene Peniston na Paul Kulkosky wakawapa askari wa zamani wa Marekani waliopigana Vietnam mafunzo ya alfa na theta, na mwaka 1991 wakachapisha matokeo mazuri mno kuhusu kiwewe. Kundi lilikuwa dogo, lakini shauku iliyozuka ilikuwa kubwa.

Jambo moja huwachanganya watu wengi: jina ni moja, vitu ni vingi. Kuna mafunzo ya kuinua alfa na theta mtu akiwa amefumba macho. Kuna ya kupunguza alfa. Kuna ya kusawazisha upande wa kushoto na wa kulia wa paji la uso, ambayo hupendekezwa kwa sonona. Kuna yanayofanyika ndani ya skana ya MRI, mashine kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, ambapo mtu hafundishwi wimbi lolote. Anafundishwa kuamsha sehemu mahususi iliyo ndani kabisa ya ubongo. Halafu kuna mikanda ya kuvaa kichwani nyumbani, yenye vihisio vichache ambavyo mara nyingi hushindwa kutofautisha wimbi la ubongo na kupepesa jicho au kukaza taya. Matokeo ya aina moja hayawezi kutumika kuisifia nyingine. Ukiambiwa kwamba utafiti umethibitisha, uliza kwanza ni aina ipi iliyotafitiwa.

Ikiwa tatizo ni kiwewe

Hapa mshindani mkuu wa mashine ni tiba ya mazungumzo inayoligusa tukio lenyewe. Zipo tatu zenye nguvu. Ya kwanza ni ya kukabiliana na kumbukumbu hatua kwa hatua, aliyoiunda Edna Foa: mtu hulisimulia tukio tena na tena mbele ya mtaalamu, na nje ya chumba hurudi polepole kwenye mambo aliyokuwa akiyakwepa, kwa vikao 8 hadi 15 vya dakika 90 hivi. Ya pili ni ya Patricia Resick, maarufu kwa herufi CPT: vikao 12 hivi vya kuchambua fikra ambazo tukio liliziacha, kama vile "ilikuwa kosa langu" au "hakuna mtu wa kuaminika". Ya tatu ni EMDR ya Francine Shapiro, ambapo mtu huishika kumbukumbu akilini huku akifuata kwa macho kitu kinachokwenda kushoto na kulia.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2013 kuhusu msongo unaofuata kiwewe, lilipendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, pamoja na EMDR. Mwongozo wa wizara za ulinzi na ya askari wa zamani ya Marekani wa mwaka 2023 uliziweka mbele zote tatu nilizozitaja. Kuhusu mafunzo ya mawimbi ya ubongo, mwongozo huo ulisema ushahidi hautoshi kuyapendekeza wala kuyakataza.

Haina maana kwamba hakuna kitu. Mwaka 2016 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha jaribio la watu 52 wenye kiwewe sugu, ambao walikuwa wameshapata tiba nyingine bila nafuu ya kutosha. Waliopata mafunzo walihudhuria vikao 24 kwa wiki 12. Wengine waliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mwishoni, asilimia 27.3 ya waliofundishwa bado walikuwa na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 68.2 ya waliosubiri. Kwa watu ambao tiba nyingine zilikuwa hazijawafaa, tofauti hiyo inagusa moyo.

Lakini itazame kwa makini. Aliyesubiri hakupata mafunzo yoyote kwa miezi mitatu. Aliyefundishwa alikwenda mara mbili kwa wiki, akapokewa, akaketishwa mahali palipotulia, akaonyeshwa kwenye skrini kwamba ubongo wake unaweza kubadilika. Ndani ya tofauti ile mna mawimbi, mna uhusiano, mna utaratibu, mna matumaini, na jaribio la namna hiyo haliwezi kuvitenganisha.

Njia ya kuvitenganisha ni kulinganisha mafunzo ya kweli na ya bandia: mtu anavishwa vihisio vilevile, anatazama skrini ileile, ila zawadi anazopata hazitokani na ubongo wake. Somo gumu lilitoka kwa watoto wenye tatizo la umakini. Jaribio kubwa la watoto 144 lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba waliopata mafunzo ya kweli walipata nafuu kubwa, na waliopata ya bandia wakapata nafuu kama hiyo. Kiwewe si tatizo la umakini, na hatuwezi kuhamisha jibu hilo moja kwa moja. Linatosha hata hivyo kutufanya tudai majaribio ya namna hiyo kwa kiwewe pia. Ruth Lanius na wenzake nchini Kanada wameanza kuyafanya, kwa mafunzo ya kupunguza alfa yaliyolinganishwa na ya bandia, na matokeo yao yanatia moyo ingawa makundi bado ni madogo.

Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mfumo uitwao Prism utumike kwa kiwewe. Unasoma mawimbi ya kichwani ili kukisia hali ya amigdala, sehemu ya ndani ya ubongo ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Soma ruhusa hiyo yote: ni ya kutumika pamoja na tiba nyingine, si badala yake, na utafiti ulioitangulia haukuwa na kundi la kulinganishia.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Tiba za mazungumzo zina ushahidi mzito, ila si kila anayezianza huzimaliza. Katika jaribio kubwa la askari wa zamani 916 lililochapishwa mwaka 2022, asilimia 55.8 waliiacha njiani tiba ya kukabiliana na kumbukumbu, na asilimia 46.6 wakaiacha CPT. Wengine huacha kwa sababu wamepona mapema au safari zimewashinda, lakini wapo wanaoacha kwa sababu maumivu ya kulirudia tukio yamewazidi. Anayesema "siwezi" asihesabiwe kuwa mvivu wala mkaidi.

Kama kinachokuzuia ni kusimulia

Sehemu hii ndiyo ningependa isomwe hata na asiyesoma nyingine.

CPT ina namna mbili. Moja inamtaka mtu aandike maelezo ya tukio. Nyingine haina maandishi hayo kabisa, inashughulikia fikra tu. Utafiti wa Resick na wenzake wa mwaka 2008 uliilinganisha na tiba kamili na kukuta kwamba namna isiyo na maandishi haikuwa duni. Yaani mtu anaweza kupata mojawapo ya tiba zenye ushahidi mzito kuliko zote bila kusimulia tukio kwa undani. Inatosha kumwambia mtaalamu: nataka ile isiyo na maelezo ya tukio.

Kwa ambaye mdomo ndio unaokataa lakini mkono haukatai, ipo tiba ya kuandika iliyoundwa na Denise Sloan na Brian Marx. Ni vikao vitano tu. Mtu anaandika kuhusu tukio kwa nusu saa akiwa peke yake chumbani, bila kulisimulia kwa mdomo. Mwaka 2018 walionyesha kwamba vikao vitano hivyo havikuzidiwa na vikao 12 vya CPT, na walioacha njiani walikuwa wachache zaidi. EMDR nayo haidai maelezo marefu kwa sauti. Mengi hubaki kichwani kwa mwenyewe. Na zipo dawa: sertralini na paroksetini ndizo mbili zilizoidhinishwa rasmi Marekani kwa kiwewe. Wengi huzipata kuwa na nguvu ya wastani, lakini hazimtaki mtu aseme zaidi ya dalili zake. Dawa za usingizi na za kutuliza za jamii ya diazepamu ziepukwe kwa kiwewe. Mwongozo wa 2023 unazikataza waziwazi.

Ukiyaweka haya kando ya vikao 20 hadi 40 vya mashine, mara mbili kwa wiki kwa miezi, hoja ya "sitaki kusimulia" haibaki tena na jibu moja.

Ikiwa tatizo ni sonona

Kwa sonona mizani inaelemea upande mmoja zaidi, na sitaficha msimamo wangu: mafunzo ya mawimbi yasiwe mlango wa kwanza.

Nadharia ya kale ni kwamba mwenye sonona ana tofauti ya alfa kati ya kushoto na kulia kwa mbele, na kwamba ikisawazishwa hali itainuka. Tofauti hiyo haionekani kwa wagonjwa wote, na wapo wasio na sonona wanaoonyesha hivyohivyo. Kwa hiyo ile ramani ya ubongo yenye rangi nyekundu na buluu, ambayo mtu huonyeshwa siku ya kwanza, haiwezi peke yake kumwambia kama ana sonona wala kama atapona. Inavutia macho, na inampa mgonjwa faraja ya kuona kwamba ugonjwa wake ni wa kweli. Faraja hiyo ni halali. Utambuzi wa ugonjwa hufanywa kwa mahojiano ya kitabibu.

Kilichonishangaza zaidi ni mafunzo yale ya ndani ya skana. Mwaka 2017 Kymberly Young na wenzake, waliofanyia kazi yao Tulsa, Marekani, waliwafundisha watu wenye sonona kuiamsha amigdala yao huku wakikumbuka mambo ya furaha. Kundi la kulinganishia lilifundishwa sehemu ya ubongo isiyohusika na hisia. Baada ya vikao viwili tu, watu 12 kati ya 19 wa kundi la kwanza walipungukiwa na zaidi ya nusu ya dalili. Katika kundi la pili walikuwa wawili. Huo ni ulinganisho mzuri, wenye kidhibiti cha kweli, na unastahili kurudiwa kwa watu wengi zaidi. Kwa sasa mafunzo hayo yanahitaji skana ya MRI na timu ya watafiti, hivyo si kitu cha kuchagua bali cha kufuatilia.

Upande wa pili wa mizani kuna tiba za kawaida zilizopimwa kwa maelfu ya watu. Kuna ya kurudisha shughuli, ambapo mtu hupanga na kufanya vitendo vidogo vyenye maana kabla hamu haijarudi, maana kwa mwenye sonona hamu hufuata kitendo. Kuna tiba ya fikra na tabia. Kuna tiba ya mahusiano baina ya watu, inayoshughulikia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Hiyo ya mwisho ilijaribiwa kwa vikundi katika vijiji vya kusini mwa Uganda, na viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya wiki 16 za vikundi ni asilimia 6.5 tu waliobaki na vigezo vya sonona, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasioshiriki. Nao hawakubandikwa kihisio chochote. Nayo pia haikuwa na kundi la tiba bandia, kwa hiyo onyo nililolitoa juu linahusu hata hapa. Ila tiba hiyo ina majaribio mengine mengi nyuma yake.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, nne hadi sita mara nyingi, na ya kwanza isipofaa daktari hubadilisha. Zisiachwe ghafla; kuacha ghafla huleta kizunguzungu, hasira na usingizi mbaya, na mtu hudhani ugonjwa umerudi.

Kwa ambaye dawa mbili au zaidi zimeshindwa, mshindani wa kweli wa mashine ya mawimbi ni mashine nyingine: sumaku. Watu huzichanganya mara kwa mara. Sumaku ya tiba huuchochea ubongo kutoka nje, wakati mafunzo ya mawimbi huusoma tu. Iliidhinishwa Marekani kwa sonona mwaka 2008, na hufanywa siku tano kwa wiki kwa wiki sita hivi. Zamani kikao kilichukua dakika 37 na nusu. Jaribio la Kanada la mwaka 2018 lilionyesha kwamba namna mpya ya dakika 3 haikuwa duni. Haifai kwa mwenye chuma kichwani, na ina hatari ndogo sana ya degedege. Kwa sonona sugu, mimi ningemshauri ndugu yangu atafute sumaku kabla ya mafunzo ya mawimbi bila kusita. Kwa kiwewe ningesita, kwa sababu huko ushahidi wa sumaku nao haujatosha.

Madhara

Mafunzo ya mawimbi hayana sindano wala kemikali, na watu hudhani hayawezi kudhuru. Mara nyingi madhara ni madogo: kichwa kuuma, uchovu, hasira za ghafla, usingizi kuvurugika. Kwa mwenye kiwewe, mafunzo ya alfa na theta yanaweza kuamsha picha za tukio pasipo kutarajiwa, mtu akiwa amefumba macho katika hali ya nusu usingizi. Hapo ndipo tofauti ya anayekuhudumia inapoonekana. Fundi wa mashine atazima kompyuta. Mtaalamu wa kiwewe atajua la kufanya na mtu anayetetemeka mbele yake. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza, aanze kwa daktari.

Na mwenye mawazo ya kujiua asisubiri tiba yoyote kati ya hizi ianze kufanya kazi. Zote ni za polepole. Aende hospitali leo, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Nani namwambia aende

Namwambia aende yule mwenye kiwewe ambaye amejaribu kwa dhati walau moja ya tiba za mazungumzo, au ambaye mwili wake unawaka kila anapoguswa na kumbukumbu hata hawezi kukaa kwenye kiti cha mazungumzo. Kwa huyo, vikao vya kutuliza mwili kwa mashine vinaweza kuwa daraja la kumfikisha kwenye tiba nyingine, na ndivyo wataalamu wengi waangalifu wanavyovitumia. Aende akiendelea na dawa zake na mshauri wake. Kwa mwenye sonona isiyo na kiwewe, ambaye hajajaribu kitu kingine, sioni sababu ya kuanzia hapo.

Ukiamua kwenda, usianze kwa kuuliza kuhusu mashine. Uliza anayekuhudumia amesomea nini: ana leseni ya kutibu kiwewe, au ana cheti cha kutumia kifaa tu? Uliza ni aina ipi ya mafunzo, na kwa nini hiyo kwako. Mwombe apime dalili zako kwa dodoso linalotambulika kabla ya kikao cha kwanza, na alirudie kila baada ya vikao vichache, kwa sababu grafu ya alfa iliyopanda si sawa na usiku uliolala bila jinamizi. Usilipie vikao vyote kwa mkupuo. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kikao cha kumi mtatazama alama pamoja, na kama hazijashuka, akueleze atabadilisha nini, au akupeleke kwa nani.